Risasi Iliyotiwa Baruti Mara Mbili

Baba mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikuchelewa kumrudishia. Mwanawe, mume wangu, alikuwa mwalimu. Alipelekwa kusomesha Makunduchi, akarudi Mjini na mimi. Kosa langu lilikuwa hilo tu. Mzee alikuwa na shamba la minazi, nyumba ya ghorofa mbili, na nasaba aliyoihesabu mpaka Omani. Mbele ya wageni aliniita "yule wa shamba," na mimi nimesimama pale pale na sinia la kahawa mkononi.

Chumba chake cha juu ndicho alichojazia risasi. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, na kila baada ya wiki mbili alikwenda shamba na mume wangu kuwapiga nguruwe mwitu waliokuwa wakichimbua mihogo. Maganda yaliyokwisha kupigwa hayakutupwa. Yalikuwa ya karatasi ngumu, na kitako cha shaba. Aling'oa fataki iliyokufa ya kuwashia baruti, akatia mpya, akamimina baruti, akashindilia kizibo, akatia zile gololi ndogo ziitwazo marisau, kisha akakunja mdomo wa ganda kwa kijimashine cha mkono kilichobanwa ukingoni mwa meza.

Chumba kile kilikuwa na sheria kuliko msikiti. Baruti ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli, fataki kwenye kabati la ukuta wa pili. "Mahasimu hawalazwi kitanda kimoja," alisema. Seredani ya makaa haikupanda ghorofani, wala chetezo cha kufukizia. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza sikufukizwa ubani, kwa sababu chumba changu kilikuwa chini ya chake. Wakati wa masika alitia chokaa sandukuni ili unyevu usiharibu kitu. Kwa hayo yote nilimheshimu. Lakini jicho lake la kulia lilikuwa limeota mtoto wa jicho, na la pili lilianza ukungu. Nyumba nzima ilijua na hakuna aliyethubutu kutamka.

Asubuhi moja nilimpelekea kahawa. Alikuwa ndiyo kwanza amemimina baruti kwenye ganda, muuza samaki akaita chini. Mzee akaenda dirishani, akagombana naye kuhusu samaki changu waliooza, akarudi na hasira zake. Akachota kipimo, akamimina kwenye ganda lile lile.

"Baba, hilo umeshalitia."

Akanigeukia. "Wewe baruti umeijua lini?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako yatizame majungu ya jikoni. Weka kahawa, shuka."

Akatia kizibo kwa nguvu, akatia marisau, akakunja. Kisha, huku akinikazia macho, akaitumbukiza ile risasi katikati ya wenziwe ishirini na kuzikoroga kwa mkono ili nisiweze tena kuionyesha.

Nilimwambia mume wangu, maana baruti mara mbili hupasua mtutu mkononi mwa mpigaji. Bunduki siku hizo ilishikwa na yeye, mzee alikuwa haoni tena shabaha.

"Baba anajaza risasi tangu mimi sijazaliwa," alisema.

"Na macho anayo tangu hujazaliwa. Yanaona?"

Siku ya kwenda shamba nilichukua sanduku la risasi, nikakaa nalo mapajani juu ya ngazi.

"Nipe," mzee akasema.

"Sikupi."

"Mtoe mkeo mbele yangu!" alimpigia kelele mwanawe. "Nshakwambia, hawa watu hawana adabu!"

"Adabu ninayo. Mume ninaye mmoja," nikasema.

Mume wangu alisimama katikati, hajui ashike upande gani. Aliyetuokoa ni mama mkwe, ambaye naye hakuwa na mapenzi na mimi. Alitoka na mizani yake ndogo ya kupimia udi, akaiweka sakafuni. "Zipimeni, makelele yaishe."

Tukapima moja dhidi ya moja. Risasi ishirini zilikuwa sawasawa. Moja ikashuka, sahani ikagonga sakafu. Mume wangu akaichana kwa kisu, akamimina baruti kwenye karatasi, akachana nyengine akamimina pembeni. Fungu moja lilikuwa mara mbili ya la pili. Nikamwona anatizama vidole vyake.

"Nani aliyezichezea?" mzee akauliza, na macho yote kwangu.

"Muogope Mungu, bwana," mama mkwe akasema.

Mzee akaingia chumbani, akajifungia. Kuwinda hakukuwepo siku ile. Wiki nzima hakula chakula nilichopika.

Siku ya nane akaniita kutoka juu. "We mtu wa Makunduchi!"

"Naam, Baba."

"Kaa hapa. Nnatia mimi, we unahesabu kwa sauti."

"Ntatia mimi. Wewe hesabu."

Tulitizamana mpaka nikadhani atanirushia kipimo. Kisha akasogeza kiti chake nusu hatua, nami nikakaa. Tulifanya kazi hivyo miaka mitatu, tukitukanana. Mkono wangu mzito, alisema. Wake mwepesi mno, nikajibu. Hakuna risasi iliyokosewa tena.

Jicho la pili lilipozimika aliamua kurudisha bunduki na kibali polisi mwenyewe. Mwanawe alitaka kumpeleka, akakataa, akanitaka mimi. Njia nzima alinishika bega akiliponda kwa vidole vyake, akilalamika kwamba natembea kama mbeba kuni. Nilimwambia kama hataki bega langu ashike ukuta. Hakuliachia.