Tangazo Lililoziba Vifungo

Watu wa mtaa ule walimwita Dada Vifungo tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikulia chini ya meza ya duka la baba yake, akichambua vifungo vilivyochanganyika: vya koti huku, vya shati kule. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye harufu ya vitambaa vipya na mafuta ya cherehani. Mteja akiingia, Baba alimkaribisha, kisha akarudi kuzungushia uzi kwenye bobini kana kwamba hana shida na mtu. Mteja akishashika, akageuza, akapima kifungo kwenye nguo yake, ndipo Baba aliposema kwa sauti ya chini, "Kuna lesi mpya imeingia, ukipenda kuiona." Akikataa, haulizwi tena.

Baba alipofariki, mwenye nyumba alikitaka chumba chake. Dada Vifungo akahamishia biashara kwenye tovuti aliyotengenezewa na mdogo wake, fundi kompyuta. Huyo mdogo mtu akaweka tangazo linalomrukia kila anayeifungua: PUNGUZO KUBWA, ACHA NAMBA YAKO YA SIMU. Lilijaa skrini nzima, na alama ya kulifungia ilikuwa ndogo kama jicho la sisimizi.

Asubuhi moja shangazi yao, dada wa marehemu, alipiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja dukani kwenu nimefukuzwa."

"Umefukuzwa na nani?"

"Na hilo libango lenu. Nalifunga, linarudi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo uzibwe macho. Baba yako angemfanyia mtu hivyo?"

Dada Vifungo alicheka, lakini simu ilipokatika kicheko nacho kikamkauka. Alikumbuka mgongo wa Baba ulivyoinama pale mezani, na wateja waliozubaa humo ndani mpaka wakasahau walichotumwa. Akamfuata mdogo wake.

"Liondoe."

"Dada, tukiliondoa nani atajua kuna punguzo? Na namba za watu tunazipata kwa hilo hilo."

"Tunapata namba za watu wanaotaka tuwapishe njia."

Mdogo wake aliligeukia lile tangazo kwenye skrini. Kisha akauliza, "Baba alikuwa anataja lesi saa ngapi?"

"Mtu akishatulia. Akishachagua chake."

Basi hawakuliondoa. Walilipunguza, wakaliweka chini pembeni, likawa linasubiri mpaka mtu aangalie bidhaa na kufika mwisho wa ukurasa. Alama ya kufungia wakaikuza, dole gumba liiguse bila kukosea, na aliyelifunga halikumrudia. Maneno aliyaandika Dada Vifungo mwenyewe: "Nyuzi za kudarizi zimepunguzwa bei, ukipenda kuziona."

Mwanzoni walioacha namba walipungua, na mdogo wake akawa na uso wa mtu aliyeng'ata ndimu. Lakini wageni walianza kukaa, na oda zikawa zinaingia mdogo mdogo. Mojawapo ilikuwa ya shangazi: zipu nyekundu, ndefu. Dada Vifungo akampigia simu.

"Ya gauni gani, shangazi?"

"Sina gauni la kuitia. Nilikuwa naangalia tu, nikapotelea humo, kama zamani nilipokuwa nampelekea kaka yangu chai."

Dada Vifungo aliifunga ile zipu kwenye karatasi laini, taratibu. Siku hiyo hakuwasha redio kama alivyozoea akifunga oda. Alitaka kukaa kidogo na ukimya wa lile duka la Baba.