Maji Yaliyokauka kwa Kidole Changu

Afadhali mlisikie hili kutoka kwangu, kwa sababu huku mtaani Pipeline kila anayelisimulia ananiongezea ujinga ambao sikuufanya (na ule niliofanya unatosha).

Wakubwa walikuwa wameagiza kila ofisi ya chifu iwe na mtu wa kujibu uvumi kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Chifu wetu, ambaye ni mama, akanichagua mimi nijaribiwe wiki moja, nikifaulu niandikwe kazi. "Wewe huna mdomo," akaniambia, "kwa hivyo huwezi kueneza uongo."

Siku ya tatu ikaingia kwenye simu ya ofisi picha ya tangazo kwamba maji yatafungwa siku tano. Mama chifu akawapigia watu wa maji, kisha akanigeukia. "Ni uongo. Waambie watu mara moja." Akaniachia hiyo simu, akaingia mkutanoni.

Sasa mwenye akili angeandika kwanza. Mimi nikaona watu wauone huo uongo wenyewe, ndio waelewe ninakanusha nini, kwa hivyo nikatuma ile picha kwenye grupu, halafu nikaanza kuandika maelezo, na mimi huandika polepole (niliishia darasa la nane, na kidole kinachoandika ni kimoja tu), tena nilitaka Kiswahili cha serikali, nikaandika "Wakazi wapendwa", nikafuta, nikaandika "Wananchi watukufu", nikakaa nikilitazama hilo "watukufu" kama limezidi.

Bado nalitazama, nikasikia mitungi ikigongana. Nikachungulia dirishani. Watu walikuwa wanateremka kutoka maghorofani na ndoo, sufuria, na mama mmoja alibeba beseni la kuogeshea mtoto, mtoto mwenyewe kwapani, bado ana povu kichwani.

"Nani amesema maji yanafungwa?" mtu akauliza.

"Chifu. Si umeona ni namba yake?"

"Basi hiyo ni ukweli. Shika laini nyuma yangu."

Nikaondoa "watukufu", nikatuma kwamba tangazo ni uongo. Jibu la kwanza lilitoka kwa Baba Njoroge, mwenye kioski cha maji: "Enyewe chifu umechelewa. Tangi la mtaa limekauka." Kila ploti ya wapangaji ilikuwa imefungua mifereji kwa pamoja, na kufikia saa kumi Pipeline nzima haikuwa na tone.

Mama chifu alitoka mkutanoni akitaka kunawa mikono. Mfereji ukakohoa mara mbili, ukanyamaza. Akanitazama.

"Kijana, si nilikutuma ukanushe?"

"Nilikanusha, mama."

"Ulikanusha nini, na maji hakuna?"

Jibu la hilo lingechukua muda kuandikwa. Kazi sikupata. Siku hizi nikitaka kukanusha jambo lolote, hata kwa majirani, naanza na neno UONGO, mengine yatafuata kidole kikifika. Aliyetunga lile tangazo hajulikani hadi leo, lakini popote alipo anajua kwamba bila mimi angebaki mwongo.