Mayungiyungi ya Bi Shamsa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposhika mkasi kwa nia ya kupamba, nikaharibu. Nilikuwa bi harusi wa juzi, sijatimiza miezi mitatu tangu niolewe Jomvu Kuu. Hiyo ni miaka ya themanini, wakati mke mgeni akiogopa hata kukohoa kwa sauti mbele ya mkwewe. Kwetu Likoni nilizoea nyumba ya watu wengi na kelele nyingi. Huku nikakuta kimya. Mume wangu Athumani alishinda kazini bandarini, na mimi nikabaki na mamake, Bi Shamsa.

Bi Shamsa alikuwa mtu wa maneno machache na maua mengi. Alikuwa na asumini na mirehani, lakini roho yake ilikuwa kwenye mayungiyungi, yale maua makubwa mfano wa tarumbeta yanayochipuka kutoka kwenye kitunguu chake ardhini. Mekundu alikuwa nayo tele. Jeupe lilikuwa moja tu, na lililetwa na bintiye Zuhura kutoka Malindi alikokuwa ameolewa. Zuhura alitangulia mbele ya haki kabla mimi sijaingia nyumba ile. Wifi yangu sikumjua ila kwa picha. Sasa mwaka ule masika yalizidi, na kitunguu cha lile jeupe kikaanza kuoza. Kilitoa ua moja la mwisho, kisha kikalainika kama ndizi iliyopitwa na wakati.

Siku ua lile lilipofunguka, Bi Shamsa alimwita jirani yetu Mama Mutua, mwanamke wa Kikamba asiye na ndugu hapa pwani, ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani Changamwe. Urafiki wao ulikuwa wa maua na wa bakuli: huyu akipika kizuri, humpelekea mwenzake. Niliwaona wameinama pamoja. Bi Shamsa alitwaa maua mekundu matatu, akayaondoa vile vijiti vya ndani vyenye unga wake. Akachovya unyoya wa kuku kwenye unga wa manjano wa lile jeupe, akaupaka polepole kwenye ulimi mrefu wa kila jekundu. Halafu akayavika vifuko vya melimeli, kile kitambaa chepesi, na kuvifunga kwa uzi. Mimi nilikuwa nakuna nazi, natazama kwa pembe ya jicho. Sikuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini msichana aliyeolewa juzi huona haya kuonekana hajui, na haya zangu siku ile zilinigharimu.

Wiki mbili baadaye zikaja habari kwamba mamangu na shangazi zangu wanakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Bi Shamsa alikuwa amekwenda Kisauni kwenye hitima. Nikafagia, nikadeki, nikatandika mikeka mipya. Nikatazama uani, nikaona mashina matatu yamebeba maua yaliyonyauka, na vifuko vyake vimelowa mvua na kuota ukungu, vinaning'inia kama matambara ya jikoni. Nikasema, shangazi zangu wakiona haya watasema nimeolewa kwenye nyumba chafu. Nikayakata yote matatu, nikayatupa jaani pamoja na majani makavu, nikatia moto.

Wageni walisifu sana. Nilijiona mke hasa!

Walipokwisha kuondoka, Bi Shamsa akarejea. Hakuvua hata buibui, alikwenda moja kwa moja kwenye maua yake.

"Mwanakombo!"

"Abee, mama."

"Nani amegusa mashina yangu?"

Nilifungua kinywa kusema kweli, wallahi nilikusudia. Kikatoka kingine: "Niliwasikia mbuzi wa Mama Mutua wakipita huku."

Hakugomba. Laiti angegomba. Aliketi chini pale pale penye matope na buibui lake. "Yalikuwa yameshashika," akasema. "Matumbo yake yalishaanza kuvimba. Ndani mna mbegu. Nilitaka lile ua la Zuhura lisipotee lote."

Ndipo nikafahamu nilichokichoma. Kitunguu cha jeupe kilikuwa kimekwisha kuoza. Hapakuwa na ua jingine wala unga mwingine. Na juu ya hasara ile nilikuwa nimeongeza uongo. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini aliyeumizwa nao huumia kama aliyevunjwa mfupa.

Kuanzia siku ile Bi Shamsa hakumpa tena Mama Mutua salamu juu ya uzio wa makuti. Mama Mutua aliposalimu, hakujibiwa. Alipoleta bakuli la pure, mahindi na maharage yaliyopikwa hadi yakalainika, Bi Shamsa alinipa nilirudishe limejaa vilevile. Mama Mutua alilipokea kwa mikono miwili.

"Mama yenu ni mzima?"

"Mzima."

"Basi mimi nimemkosea nini?"

Nikageuka nikaenda zangu. Na nilipopita nikawaona mbuzi wake wawili wamefungwa kamba fupi. Alikuwa amesikia mbuzi wake wanatajwa bila kujua wamekosa nini, hakubishana na mtu, akawafunga.

Niliishi na jambo lile wiki tatu. Chakula hakikupita. Athumani alidhani naugua, akataka kunipeleka kwa daktari. Ijumaa moja, Bi Shamsa alipomaliza sala ya alasiri, nikampigia magoti pembeni ya mswala nikamwambia yote, mkasi, moto na mbuzi. Nilidhani nitarudishwa kwetu Likoni siku ile ile. Nguo zangu nilikuwa nimeshazikunja.

Alimaliza kuhesabu tasbihi yake. Kisha akasema: "Mkaza mwana, maua umeyakata hujui. Hilo ni kosa la mkono, na nimeshakusamehe. Lakini jirani yangu umemkata unajua. Msamaha wa hilo sinao mimi, anao yeye." Akainuka, akachukua buibui. "Twende sote. Nami nina langu. Nimemhukumu mtu wa miaka mingi bila kumuuliza neno moja."

Tulimkuta Mama Mutua anachambua maharage. Nikasema maneno yangu nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umetulia ndani ya ungo.

"Wewe ni mtoto," akasema, "lakini umenitia uchungu. Nimelala na kuamka nikitafuta kosa langu."

"Na mimi nisamehe," Bi Shamsa akamwambia. "Mtoto amesema uongo, mtu mzima nikauamini."

Mama Mutua alimtazama sana. Halafu akaweka ungo chini, akamshika mkono. "Njoo, Mama Athumani. Kuna kitu nataka uone."

Nyuma ya nyumba palikuwa na debe, na ndani yake yungiyungi jekundu alilopewa na Bi Shamsa zamani. Juu ya shina lake palikuwa na tumba la mbegu lililovimba, limegeuka manjano, linaanza kupasuka.

"Ule unga wa lile jeupe uliobaki siku ile, si ulinipa kwenye karatasi?"

"Nilikupa, lakini siku ile ua lako lilikuwa halijafunguka!"

"Nikauweka ndani ya kiberiti pamoja na punje za mchele, usishike unyevu. Ua likafunguka siku ya tatu, nikalipaka kwa unyoya kama nilivyokuona wewe. Nilipoona limeshika kweli, nilikuja kwako mara mbili kukwambia. Nikapiga hodi, hukuitika."

Bi Shamsa alilia na kucheka pamoja, amemkumbatia mwenzake. Pumzi iliyonitoka pale, mwanangu, sijui nilikuwa nimeifungia wapi. "Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi," Bi Shamsa akaniambia, akanifuta machozi kwa ncha ya buibui.

Mbegu zile zilikuwa nyeusi, nyembamba kama karatasi iliyoungua. Waligawana, wakapanda kwenye masufuria mabovu, na kazi ya kumwagilia nikapewa mimi. Ilichukua karibu miaka mitatu. Ua la kwanza lilipofunguka nilikuwa na mwanangu wa kwanza mgongoni. Halikuwa jeupe wala jekundu, lilikuwa na rangi ya waridi, na koo lake jeupe kabisa. Bi Shamsa alilitazama asubuhi nzima. "Si Zuhura," akasema. "Ni mjukuu wake."

Basi mwanangu, nakuusia. Usikate usichokijua, hata kama machoni pako ni uchafu. Muulize mwenyewe kwanza, maana huenda tumboni mna mbegu. Ukikosea, kosa lako libebe wewe, usimtwike jirani, na usimchague asiye na ndugu karibu wa kumtetea, kama nilivyofanya mimi. Na ukiona umeshasema uongo, usingoje wiki tatu. Mimi nilikuta Mwenyezi Mungu ameniwekea akiba ndani ya kiberiti, kwa mkono wa mtu yule yule niliyemsingizia. Si kila mtu hupata bahati ile.

Mungu akupe haya ya kukuzuia na ushujaa wa kukiri. Akuzungushie majirani wema, nawe uwe mwema kwao, na ulichokiharibu akuonyeshe njia ya kukitengeneza ungali hai. Amina, mwanangu, amina.