Chupa za Ukutani na Mbuzi wa Butiama

Shida kwangu ilianza mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na tano. Baba alifariki, ng'ombe wetu wakaibwa Butiama, nikaacha shule darasa la nne. Miaka ile ya foleni za sabuni na unga wa njano nilibeba mizigo stendi ya Bunda. Biashara ilipofunguliwa nikauza mitumba. Sikusaidiwa na mtu. Nasema hivyo ili anayesoma ajue nyumba yangu ya mjini, mtaa wa Mukendo, niliipataje, na kwa nini niliizungushia ukuta na kupanda chupa zilizovunjika juu yake. Wezi walikuwaga wengi, na mimi nilikuwa na televisheni na deki ya video, vitu ambavyo mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa navyo.

Watoto walikuwa wanakuja getini kila Jumapili baada ya kanisa, wanaomba waangalie mkanda wa karate. Niliwafukuza, wakarudi. Nikatia kufuli. Jumapili moja nikasikia kilio nyuma ya nyumba. Binti wa jirani, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amepanda ukuta ili achungulie dirishani, na chupa imemchana kiganja mpaka ndani. Nilimfunga kanga ya mke wangu, nikambeba mwenyewe hospitali. Walimshona, ila daktari akasema vidole viwili huenda visikunje tena.

Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa. Askari niliyemfahamu aliniambia nina kosa, maana chupa ni mtego. Karani mmoja wa mahakama ya mwanzo akasema sina kosa hata kidogo, mtoto kaja bila hodi, na angekuwa mwizi ningepongezwa. Wote wawili walisema kama watu wenye hakika. Mke wangu akaniuliza chupa inamjuaje mwizi na mtoto.

Nikafanya ninachokijua mimi. Kwetu Butiama, damu ya mtoto wa mtu ikimwagika uani kwako unapeleka mbuzi kwao, uwe na kosa au huna. Hata kama kaanguka mwenyewe akikimbia. Mbuzi yule ni wa kusafisha uwanja, muendelee kusalimiana. Nikachagua beberu mzuri, nikampeleka. Baba wa mtoto alikuwa mvuvi, mtu wa vijiji vya rasi kule ziwani, mambo yetu hayajui. Alinishukuru vizuri tu, akamfunga beberu karibu na mlango. Haikupita wiki nikaitwa baraza la kata.

Kule barazani beberu ndiye alikuwa shahidi. Mvuvi alieleza kwamba nimeshakiri mwenyewe, nimeleta mnyama. Nikasema sikukiri kitu. Mwenyekiti, mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, akaniuliza kama sina kosa, beberu alikwenda kule kutembea? Watu wakacheka. Mjumbe mmoja wa kwetu akasimama kunitetea, akasema huyo ni mbuzi wa mila. Mwenzake akamjibu kuwa huku ni mjini, mila angeiacha stendi. Wa tatu akataka kujua kama ukuta ulikuwa na kibali. Wakaanza kugombana wao kwa wao, mimi nimesimama tu kama mti. Nilichoogopa kilikuwa kimoja: mambo yaende mahakamani, nyumba niliyoijenga kwa mgongo wangu iuzwe. Na mtoto yuko pale kwa mama yake, mkono umefungwa, ananiangalia.

Mwenyekiti akamuuliza mvuvi anataka nini hasa.

"Nyumba yake siitaki," akasema, halafu akanigeukia. "Tajiri, si ungemfungulia tu geti?"

"Geti ni langu."

"Ni lako. Na huyu ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaamua chupa zing'olewe, Jumapili geti liwe wazi, beberu abaki alipo. Nikauliza, maana yake nina kosa au sina?

"Baba, nenda nyumbani," akasema.

Chupa nilizing'oa kwa nyundo, mwenyewe. Jumapili watoto wakaingia kwa geti. Binti wa mvuvi alikuwa wa mwisho, lakini wenzake wakampisha akakaa mbele kabisa. Vidole havikukunja. Kalamu alijifunza kuishika kwa mkono wa kushoto. Mke wangu akimpa chai, mimi nilikuwa naangalia pembeni asije akaniona namtazama anavyoshika kikombe. Sijui kwa nini, wakati karani alisema sina kosa. Nikamuuliza padri, akaniambia niombe. Niombe nini, hakusema.

Leo nina nyumba hiyo ya Mukendo. Nina nyumba mbili za kupangisha Bunda, duka la nguo, shamba la mihogo Butiama na ng'ombe. Televisheni ninayo, kubwa. Geti ninalo. Ukuta upo, na juu yake hakuna kitu, ingawa wezi wameshauruka na fundi kila mwaka ananiuliza kama aweke chupa.