Mgomba wa Immaculée

Nitasema wazi: Léon sikumpenda. Tulipakana ua miaka mingi kule Shari, pembeni mwa Bunia, mimi na mke wake Honorine tukipeana chumvi na kaa la moto, lakini mwanamume huyo alinichosha. Alikuwa fundi wa mashine za kusagia mihogo, na alitaka dunia nzima iende kama mashine: ikikwama, ifungue, tafuta kilichoharibika, ifunge. Mama mkwe wake alipofariki, watu wamejitupa chini wanalia, yeye akawa anapita kwa wafiwa mmoja mmoja kuuliza marehemu alianza kukohoa lini. Shemeji zake nusura wampige. Tulimtania kwamba hata siku ya kuposa alimpa Honorine sababu, mapenzi hakuyataja. Honorine akacheka, akasema ni kweli, lakini sababu zenyewe zilikuwa nzuri.

Kisha ikaja ile Mei ya mwaka 2003. Wenye bunduki waliingia mjini Bunia na kila mtu akatafuta pa kukimbilia. Wengine walikwenda uwanja wa ndege, kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Wengine walishika barabara ya kusini, kwa miguu, kupitia Irumu hadi Beni. Mabomu yanaanguka, Léon ameketi kwenye kiti anafikiri! Mwishowe akaamua: familia isikae mahali pamoja, bomu moja lisije likaimaliza yote. Yeye, Honorine na watoto wadogo wangekwenda uwanja wa ndege, kwa kuwa wadogo hawaiwezi safari. Immaculée, kifungua mimba wao, msichana mkubwa na hodari wa kutembea, angefuatana na jirani yetu Claire barabara ya kusini.

Nilikuwa pale nafunga godoro langu. Binti alimshika baba yake shati.

"Papa, tubakie wote pamoja. Kama ni kufa, tukufe pamoja."

"Machozi haizuiye masasi," Léon akamjibu huku risasi zikilia mbali, akambandua vidole taratibu.

Sisi wa uwanja wa ndege tulipona. Wale wa kusini walivamiwa walipoipita Irumu, wakatawanyika porini. Claire alirudi mwisho wa mwaka, amekonda, peke yake. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwa kina Léon akasema Immaculée alianguka mbele ya macho yake.

"Uliona maiti?" Léon akauliza.

"Nilikimbia, Papa Immaculée. Lakini nilimuona anaanguka."

"Mutu anaweza kuanguka na kusimama tena. Weye hauna uhakika."

Claire akaangua kilio. Léon akamshukuru kwa kuja, kisha akarudi kwenye mashine aliyokuwa ameifungua.

Na matanga akayakataa. Kwa ukoo wa Honorine, maiti isipopatikana hukatwa mgomba, ukavishwa nguo ya marehemu, ukazikwa. Hapo ndipo watu hunyoa nywele na kilio kikafungwa. Bila hivyo mama hatoki msibani. Honorine akabaki kulala chini kwenye mkeka, mwezi baada ya mwezi. Alimwomba mumewe, akamwomba tena. Léon akasema mtu hazikwi bila uthibitisho, na mgomba ni mgomba. Mimi nikasema huyu ana moyo wa jiwe, tena nilisema kwa sauti, makusudi, asikie.

Siku moja alipoondoka kwenda kutengeneza mashine huko Bambu, tuliuzika mgomba. Honorine aliuvisha kitenge ambacho Immaculée alikuwa akikivaa kwenye kwaya, katekista akasali, tukalia mpaka sauti zikakauka. Tulijua Léon harudi siku hiyo. Kumbe barabara ilikuwa imefungwa, akageuza njiani. Tulikuwa bado tumeketi pale alipoingia, akauona udongo mbichi nyuma ya nyumba. Alichukua jembe akafukua, huku wanawake wakipiga mayowe, akautoa ule mgomba na kuunyanyua mbele yetu.

"Muangalie! Hii iko mugomba! Mutoto wangu hayuko humu!"

Nilikuwa tayari kumrukia. Lakini Honorine alisimama, akamkaribia, akasema polepole:

"Ni kweli, Papa Immaculée. Iko mugomba tu. Basi uitupe pale kwa mbuzi."

Léon akageuka upande wa mbuzi. Akasimama. Tulingoja autupe, hakuutupa. Kitenge kilikuwa kimefunguka upande mmoja, akakirudisha, akakikaza.

"Ni miye nilimutuma ile njia," akasema. "Kama amekufa, ni miye."

Akalia. Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile, na Mungu asinisikizishe tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu alikuwa mzazi. Mimi niliyemchukia nikamlilia yeye kuliko nilivyokuwa nimemlilia Immaculée.

Baadaye aliingia shimoni mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tukampa mgomba. Aliupokea kwa mikono miwili, akainama nao, kisha akakwama. Akainua macho kwa mkewe.

"Mama Immaculée," akauliza, "kichwa iko upande gani?"

Honorine akamwonyesha.