Kwa Furere Gusti Wanafundisha Kupona

Juzi mjukuu wangu aliniletea turubai la kuanikia mahindi. Alilitandaza uani, jua la saa sita likalipiga, na harufu ikaanza kupanda: nta, vumbi, maganda makavu ya mahindi yaliyosahauliwa chini yake. Nilikuwa nakunywa uji. Nikaweka kikombe chini, na kabla sijajua ninafanya nini, mkono wangu wa kulia ukajinyosha ukapiga mkeka niliokalia, pa! Mjukuu akauliza, "Babu, mbu?" Nikamwambia ndiyo, mbu. Ningemweleza nini, naye alikuwa na haraka zake? Ninyi angalau mmekaa, basi niwaambie.

Mimi ni mtu wa Kigoma, lakini utoto wangu ulikwenda kukulia Kamina, Kongo, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wamekaa vizuri kwenye viti vyao. Baba alikuwa akitia makaa kwenye garimoshi. Alianzia Albertville, ng'ambo ya ziwa letu, na reli ya Kabalo ilipounganishwa na Kamina wakamhamishia huko, nasi tukafuata na masanduku yetu na kuku ndani ya tenga. Kambi ya reli ilikuwa na watu wa kila namna: Waluba wenye nchi yao, Wakasai, Wabemba wa Rhodesia, na sisi, ambao walituita Bangwana, jina la Waislamu wenye Kiswahili, ingawa tulikuwa Wakatoliki na baba hakukosa misa ila akiwa safarini. Asubuhi kambi ilinuka moshi wa makaa. Jioni, treni ikishusha vikapu vya samaki wakavu wa Kinkondja, ilinuka hao samaki mpaka ndani ya mito ya kulalia.

Mama yangu alikuwa na kiburi kimoja tu duniani, nacho ni Kiswahili chake. Akiwasikia majirani wanasema "bantu" na "mutoto" na "iko", alikuwa akiwaitikia kwa adabu zote, kisha anaingia ndani, anafunga mlango na kucheka mpaka anashika mbavu. "Jamani, Kiswahili cha watu hawa kinachechemea!" Halafu macho yake yanakutana na yangu, na kicheko kinamkauka. Maana aliyekuwa anachechemea kweli mle nyumbani ni mimi, Daudi wake.

Homa ilinishika nikiwa mdogo sana, tungali Albertville. Ilipoondoka iliondoka na nguvu za mguu wangu wa kushoto, ukabaki mwembamba na mvivu, nauburuta nyuma yangu. Tangu hapo kuna neno nililolisikia kuliko hata jina langu: "Utaanguka!" Nikisimama, utaanguka. Nikifika mlangoni, utaanguka. Mama alinibeba mgongoni mpaka umri wa kuona haya, miguu yangu ikining'inia karibu na magoti yake, na watoto wa kambi wakitufuata kwa nyimbo ambazo sitazirudia hapa. Kila Jumamosi jioni alinipima mguu kwa uzi mwekundu. Alikuwa ameufunga fundo pale unene ulipofikia, na kila Jumamosi aliuzungusha akiomba fundo lisifike, yaani mguu uwe umenenepa. Lilifika. Anaukunja uzi, anautia kwenye kopo la vifungo, anasema, "Wiki ijayo."

Shule ilikuwa misioni, ng'ambo ya reli. Baba alinipeleka kwa baiskeli. Kisha wakamweka kwenye treni za Kabalo, akawa anaondoka siku nyingi, na mgongo wa mama ukapata mwenyewe mwingine, mdogo wangu Rosa. Jioni moja baba aliongea bila kuniangalia. "Pasaka ikipita, kama hawezi kwenda shule kwa miguu yake, bila kushikwa, nitampeleka Kigoma kwa bibi yake. Hapa atakaa ndani mpaka aote ukungu." Mama alimbadilisha Rosa ziwa na kuendelea kutazama ukuta. Bibi sikumjua hata sura, na mama ndiye alikuwa dunia yangu nzima.

Hapo ndipo Banza aliponipa habari njema. Banza alikuwa jirani yetu, Mluba, mtoto wa fundi wa reli, rika langu, mwenye mdomo ambao haukujua kufungwa. Alinikuta kibarazani nimejikunyata, akaniuliza nalilia nini, nikamwambia: Pasaka, mguu, Kigoma.

"Weye, juu ya nini unalia?" akasema. "Kuya na minyi kwa Furere Gusti. Kule njo banafundishaka batoto kupona."

"Kupona?"

"Eee, kupona! Kila siku, nyuma ya katekisimu. Minyi zamani nilikuwa naogopa. Sasa napona muzuri kupita bote."

Nilimtazama Banza: miguu miwili minene, meno yote. Ni kweli, mtu huyu alikuwa amepona. Kesho yake nikamfuata, nikiegemea bega lake, na mama nikamwambia mdomo umejaa furaha, "Mama, kwa Furere Gusti wanafundisha kupona." Mama aliweka mwiko chini. Alinivuta akanikumbatia, akanukia vitunguu, akasema, "Mungu amekumbuka."

Furere Gusti alikuwa bruda, seremala wa misioni, Mbelgiji wa upande wa Waflamandi, kichwa chekundu, mikono ya kubebea magogo. Kabla hajavaa kanzu ya utawa alijifunza judo huko kwao. Sisi tuliita yudo, kwa sababu yeye mwenyewe alitamka hivyo. Ghala la zamani la pamba alilifagia akaliita dojo. Chini alipanga magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi, juu yake akakaza turubai kuukuu la behewa la mizigo. Sare zetu zilishonwa kwa magunia ya unga, na mimi mgongoni niliandikwa nusu ya neno ambalo hatukuwahi kuona nusu yake ya pili. Unavua viatu mlangoni kama unavyo, unainamisha kichwa, unaingia. Kiluba alikisema kama aliyezaliwa Kinkondja, maana ndicho alichofundishwa kwanza alipofika. Kiswahili alikijifunza baadaye, na hakuwa mtu wa kutenganisha vyombo, alivichanganya vyote sufuria moja.

Aliuona mguu wangu. Akachuchumaa, akaushika, akaukunja na kuukunjua. Hakunihurumia, na hilo lilinishangaza. "Muzuri," akasema. "Weye utaanza na kupona. Kupona njo ya kwanza. Mwenye hapana jua kupona, hapana jua kintu."

Machozi yalinilenga. Kisha akanisukuma.

Ndugu zangu, nilikwenda chini mzima mzima! Nilibaki nimelala nikitazama mabati, nikisubiri sauti ya mama. Haikuja. Furere aliniinua, akaniambia niingize kidevu kifuani, nipige turubai kwa mkono mzima, akanisukuma tena. Nikajiambia, sawa, hii ndiyo dawa. Kwani kwinini si chungu? Sindano ya zahanati si inachoma? Uponyaji wa Furere ulikuwa wa kuangushwa, na mgonjwa mwerevu hakatai dawa. Kwa hiyo nilianguka kwa bidii ambayo hakuna mtoto mwingine alikuwa nayo. Wenzangu walitaka haraka kufika kwenye kutupana. Mimi nilibaki pembeni mwa turubai najiangusha nyuma, mbele, ubavuni, na baada ya kila dozi napapasa mguu.

"Angalia huyu!" Furere alikuwa akisema. "Iko napona kutoka roho!"

Siku zetu zilikuwa hivyo. Katekisimu ikiisha tunakimbia, yaani wao wanakimbia na mimi naburuta, kuyapiga magunia yarudishe unono wake. Vumbi linapanda, tunapiga chafya, panya aliyehamia usiku anafukuzwa kwa kelele kubwa kuliko ukubwa wake. Kisha mikono yetu inaanza, pa, pa, pa, mpaka wapita njia wanafikiri tunatwanga. Jasho, maganda ya mahindi, nta ya turubai lililopigwa jua kutwa: hiyo ndiyo harufu iliyonikamata juzi uani. Banza aliniangusha na kucheka, mimi nilimwangusha mara chache na kucheka zaidi. Hakuna aliyeniimbia wimbo mle. Wote tulikuwa chini.

Mama alimpelekea Furere kuku wa shukrani, kupitia kwangu, jogoo mwenyewe wa Albertville. Furere alimpokea kwa mikono miwili, "Wafwako, wafwako, mama iko na roho muzuri," bila kuuliza sababu. Nyumbani mama aliwatangazia majirani kuwa Daudi anapona kwa Furere, na majirani wa Kiluba walimwitikia kwa mshangao kidogo, wakisema "Eyo, mama," kisha wanatazamana. Mama alidhani kutazamana huko ni wivu tu. Jumamosi uzi ulitoka kwenye kopo. Fundo lilifika palepale. "Dawa inaanzia ndani," mama akasema, na nikamwamini.

Wiki moja kabla ya Pasaka aliamua kuja mwenyewe kumshukuru mponyaji. Alivaa kitenge cha misa, akamfunga Rosa mgongoni, akaja na bakuli la maandazi. Akachungulia mlangoni wakati uleule ambao Furere Gusti alikuwa amenishika ukosi wa gunia langu, akanizungusha, na kunitupa.

Bakuli lilianguka kabla yangu.

"Yesu wangu! Mnaniulia mtoto!" Alivuka turubai na viatu vyake, jambo ambalo hata askofu asingethubutu, akaniokota. "Hivi ndivyo mnavyomponya? Mguu mmoja haujapona, mnataka wa pili uvunjike?"

Furere alibaki ameduwaa, masikio mekundu. "Lakini mama, mutoto wako anapona sana. Anapona kushinda bote!"

"Amepona wapi, na mguu ni uleule?"

Banza, Mungu amrehemu, hakuweza kunyamaza. "Hapana mguu, mama! Kupona! Angalia, njo hivi!" Akajitupa chini kwa mgongo, pa! "Njo kupona ile."

Kwa Kiluba, ndugu zangu, kupona ni kuanguka. Ndiyo maana yake, hakuna nyingine. Mama yangu, mwenye Kiswahili chake kisafi, alikuwa ametembea kambi nzima akiwatangazia Waluba kwamba mwanawe anaanguka kwa Furere, na kwamba anamshukuru Mungu, na kwamba ametoa jogoo. Watoto walikufa kwa kucheka. Furere aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika, maskini, alijaribu. Mama hakucheka. Nami sikucheka. Nilipapasa mguu wangu, nikaujua kuwa ni uleule, kwamba siku zote zile hakukuwa na dawa, na kwamba ninakwenda Kigoma.

Alinikamata kifundo cha mkono tukatoka. Tulipofika kwenye reli akainama kidogo, kwa mazoea, ili anibebe, akasahau kuwa Rosa yuko mgongoni. Kuona vile kulinichoma. Nikajichomoa mkononi mwake, nikatangulia nikilia, nikiburuta mguu kwa kasi kuliko nilivyowahi, na kidole kikakwama kwenye taruma la reli.

"Utaang—"

Hakulimaliza. Kidevu changu kilikwisha ingia kifuani, bega likatangulia, mkono ukapiga kokoto, na nikajikuta nimesimama upande wa pili wa reli namtazama. Mikono imechubuka, magoti yana vumbi. Basi. Hata kulia nilikuwa nimekatisha.

Mama alisimama pale mdomo wazi. Rosa alichungulia nyuma ya bega lake. Mbali, injini ilipiga honi ikiingia stesheni.

"Hiyo ndiyo nini?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo kupona, mama."

Akanivuta apate kunikagua, viganja, magoti, kichwa, hakupata kitu cha kufunga kitambaa. Akampandisha Rosa vizuri mgongoni na kukaza kitenge.

"Tangulia," akasema.

Nikatangulia. Nilianguka tena karibu na kisima, nikainuka. Sikusikia lile neno. Nilisikia tu kandambili zake nyuma yangu, hazikuharakisha, hazikusimama. Baba aliporudi baada ya Pasaka aliuliza Daudi yuko wapi, mama akamjibu, akimenya mihogo, "Shule. Amekwenda." Habari ya Kigoma haikutajwa tena. Jumamosi nilisubiri uzi. Siku chache baadaye niliuona umefunga kishungi cha nywele za Rosa.

Kwa Furere niliendelea mpaka vurugu za uhuru zilipoturudisha huku kwetu, na mguu wangu, kama mnavyouona, ni mwembamba hadi leo. Zamani nilidhani mama alibadilika siku ile kwa sababu aliniona nimejua kuanguka. Nimekuwa mzazi, nikawa babu, ndipo nikaelewa kuwa aliyekuwa akijifunza pale kwenye reli ni yeye. Mimi nilikuwa na magunia ya kuangukia. Yeye hakuwa na kitu, na bado aliniambia nitangulie.

Alipozeeka alikaa nami hapa Kigoma. Asubuhi moja ya mvua aliteleza uani, nikatupa jembe nikamkimbilia kwa mguu wangu huu huu, nikipiga kelele kama yeye zamani. Alikuwa amekaa kwenye tope, kanga imemvuka kichwani, akaninyoshea kiganja kunizuia.

"Niache," akasema. "Napona."

Sikumuuliza kwa lugha ipi. Nilisimama palepale, mikono imenikaa vibaya, nikamsubiri ainuke.