Dada Aliniomba Azikwe kwa Baba

Kosa ni langu, na sitaki mtu anisaidie kulipunguza. Mimi ni nyanya wa watu, sikusoma sana, lakini hili nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Dada yangu mdogo aliishi Kampala miaka mingi akishona nguo. Alikuwa amemkimbia mume wake huko upande wa Muhoroni, akavuka mpaka, hakurudi tena. Kila akinipigia simu ni hayo hayo: "Dada, njoo hata siku mbili. Utakufa hujaona kitu isipokuwa mchele wa Ahero." Mwaka juzi nikaenda.

Tulicheka sana. Alinitembeza mjini amenishika mkono kama mtoto. Sokoni nikaona omena, dagaa wetu wa ziwani, nikauliza bei, mwenye kuuza akaniambia hiyo ni mukene. Nikamwambia nimekula hiyo samaki tangu nizaliwe, asinifundishe jina lake. Dada akanivuta nguo. "Nyamaza, mama. Hapa si Kisumu. Atakupimia iliyooza."

Siku ya kuondoka alikuwa ananifungia ndizi za kupeleka nyumbani. Akasema bila kuniangalia, "Dada, mimi ni mgonjwa. Nikienda, nataka nizikwe kwa baba. Ongea na Odhiambo."

Odhiambo ni kaka yetu. Ndiye alibaki na boma ya baba, na mambo ya ukoo haamui kabla ya kuniuliza mimi mkubwa.

Nikamjibu, "Mwanamke ambaye ng'ombe zake za mahari zilitolewa hazikwi kwa baba yake. Unajua hivyo. Utarudi kwa mume wako."

"Yule aliyenivunja mkono?"

Mkono wenyewe nilikuwa nauona, haukunyooka. Nami nikasema, "Sisi wote tulipigwa. Tukakaa."

Hakulia. Alikaza kamba ya mfuko, akasema, "Haya, Dada. Basi litakuacha." Hatukuonana tena akiwa hai.

Alifariki huko Kampala kabla ya mvua kubwa, mwili ukaletwa kwa Odhiambo. Shemeji, yule mume wake, akaja na wazee wake kuudai. Odhiambo akanipigia simu: "Mkubwa, unasemaje?" Nikasema mila ifuatwe.

Tukampeleka kule Muhoroni kwenye miwa. Yule mwanaume alitupa udongo wa kwanza, akalia mpaka akashikwa, na watu wakanong'onezana kwamba kumbe alimpenda. Mimi nikamwendea, nikampa pole. Nilimshika mkono kabisa.

Matanga yalipoisha, tukiwa tunakunywa chai, Odhiambo akaniambia polepole, "Mimi nilikuwa tayari kumpa pahali, hata kama ni nje ya ua. Wazee wetu walikuwa wamekubali. Nilingoja tu neno lako."

Nikaweka kikombe chini.

Tangu hapo sina raha. Nikichuma mboga, nikiosha vyombo, naona mkono wake ukikaza ile kamba. Kanisani wakiimba mambo ya kupumzika, mimi naacha kuimba. Atapumzikaje pale? Watoto wangu wanafikiri ni uzee. Si uzee. Ni yeye. Anasimama tu karibu nami, haniulizi kitu, na afadhali angeuliza.

Wamama wenzangu, hasa nyinyi mnaosikilizwa kwenu, nawaambia bila kuzunguka. Dada yako akikuomba pahali, usimjibu kwa kiburi cha kwamba wewe ulivumilia. Kuvumilia kwangu hakukumsaidia mtu. Mila naziheshimu mpaka leo, lakini zilikuwa na nafasi ya kumhurumia. Mimi ndiye sikuwa nayo. Mwambie ndio akiwa bado anakusikia.

Mimi siku hizi naenda kule kwenye kaburi, nainama, namwambia ndio, utalala kwa baba. Narudia mara nyingi. Halafu mwenye boma, yule mume wake, anatoka mlangoni na kuniuliza, "Shemeji, unaongea na nani?"